Shimo la Chini ya Presi

Vijana wangu wa karakana, mliponiaga mlisema niandike mambo ya kazini, na mmoja wenu, simtaji, akaongeza kwamba niandike mazuri. Hapo hatukuelewana. Mimi nimestaafu, sijafa. Mazuri matupu husomwa makaburini. Nitaandika yaliyotokea kwa jinsi yalivyofuatana, na atakayechoka aishie njiani. Vyeo na mishahara sivigusi, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mshahara kila mtu anaujua wake.

Mimi ni mtoto wa Matembwe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao huko huko kwetu. Wanaume wa pale walisema mwanamke anoe kisu cha mboga, asumbuke na msumeno wa nini. Niliwaacha waseme. Walipokuwa wakisema, mimi nilikuwa najifunza rangi za chuma kinapopata moto: njano hafifu, kahawia, zambarau, buluu. Ukiipita buluu, jino la msumeno linalainika na kesho yake linapinda kwenye gogo la kwanza. Nilikaa kwenye vumbi la misonobari mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi, ndipo niliposikia kwamba Makambako wanatafuta mtu anayeweza kusoma joto la chuma kwa macho.

Karakana yetu ya majaribio ilijengwa Lyamkena, hapo hapo Makambako, kwa matumaini. Milima ya Ludewa ina chuma, na ndani ya chuma kile mna titani, na wenye fedha zao waliona ni busara watu wa huku wajue kuifanyia kazi kabla haijachimbwa. Ni sawa na kumfundisha bibi harusi kupika kabla posa haijaletwa. Titani ya mlimani mpaka leo imelala mlimani. Ile tuliyoibana sisi ilikuja na ndege.

Siku ya kwanza nilipokewa na Injinia, kijana wa Dar es Salaam aliyekuja Makambako na koti moja jepesi na kulijutia wiki hiyo hiyo. Aliniwekea kipande mkononi akaniuliza ni nini. Nikasema si chuma, ni chepesi mno, na si aluminiamu, ni kizito mno. Akasema inatosha, nianze kesho. Sikujua kama nimejibu au nimekosa kujibu.

Aliyenifundisha kazi, lakini, ni Fundi Rajabu. Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata tanuri likiwaka. Alikuja Makambako akifuata kazi za reli, akaoa, akajenga, kisha akamwita mdogo wake, Shabani, aje kushika mitungi ya gesi. Mimi alinisalimu kwa "Kamwene", neno pekee la Kibena alilolijua, halafu akaniambia, "Dada Agata, hapa hatuyeyushi wala hatufui. Tunafanya kazi katikati. Watu wengi hawana subira na katikati."

Maana yake ni hii. Titani yetu ilikuwa imechanganywa na shaba. Ukiipasha moto, haiyeyuki yote kwa pamoja. Zile sehemu zenye shaba nyingi, zinazokaa kwenye mipaka ya chembe, hutangulia kuyeyuka, na chembe zenyewe hubaki ngumu. Kwa macho kipande kimesimama vilevile, kina rangi ya chungwa, ungeapa kwamba ni kigumu. Kumbe kati ya chembe na chembe kuna utando wa majimaji. Ukikiacha kinasimama, ukikibana kinakwenda kwa nguvu ndogo mno, ukikivuta kinaachana. Kwenye karatasi za Injinia hali hiyo iliitwa nusu yabisi. Rajabu alisema tu, "Amelegea," kana kwamba anamsema mtu. Na mtu mwenyewe alikuwa wa kungojewa, maana titani ikiwa baridi ni kaidi, inakula visu vya mashine na kumtia fundi hasara. Tulichokuwa tunatafuta ni joto gani, na kasi gani ya kubana, vitaipa umbo bila kuipasua.

Kazi yenyewe mnaijua. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinaingia tanurini, kimezungukwa na gesi ya agoni, kwa sababu titani ya moto hunywa hewa na ikishakunywa inakuwa ngumu isiyofaa, inavunjika kama chaki. Unasubiri joto liingie mpaka ndani. Presi inashuka, inakibana mpaka kinabaki nusu ya kimo chake. Kisha koleo, kisha maji. Hapo kwenye maji ndipo ilipo roho ya kazi. Ukichelewa, majimaji yale yanaganda polepole, chembe zinanenepa, na ulichotaka kukiona chini ya hadubini kinafutika. Kwa hiyo tulifundishwa haraka. Ule msemo wa haraka haraka haina baraka tuliuacha getini kwa mlinzi. Nikikawia hata kidogo, Rajabu alisema nyuma yangu, "Bado kiko mkononi mwako? Unakipeleka harusini?"

Nilipenda kazi ile. Naliandika hili mapema kwa sababu mbele huko halitakuwa na nafasi. Nilipenda kukikata kipande, kukisugua kwa msasa mpaka king'ae, kukipitishia asidi na kuona kilichotokea ndani. Tukibana polepole, majimaji yalipata muda wa kukimbilia pembeni, na katikati zikabaki chembe zikisagana zenyewe kwa zenyewe. Tukibana kwa kasi, majimaji hayakupata pa kwenda na presi ikasoma nguvu kubwa zaidi. Rajabu hakuwahi kuamini namba kabla hajakiona kipande, na Injinia hakuwahi kuamini kipande kabla hajaziona namba. Walipatana sana kwa sababu hiyo.

Kisa kigumu kuliko vyote vya kazi yenyewe kilikuja msimu wa baridi. Kila kipande kilichotoka kilikuwa kimelala upande. Upande mmoja umelegea umemwagika, upande wa pili mgumu umepasuka. Injinia alikagua upya nyaya za kupimia joto, zikawa nzima. Mimi nikaipima presi, ikawa imesimama wima. Tukaanza kulaumu shehena, kisha umeme, kisha tukaanza kulaumiana. Rajabu ndiye aliyekuja asubuhi moja na udi kutoka kwa mkewe. Akauwasha, akauweka sakafuni karibu na tanuri, akachuchumaa kuutazama. Moshi haukupanda. Ulikimbia kwa ubavu, kutoka kwenye matundu ya chini ya ukuta moja kwa moja hadi mdomoni mwa tanuri. Ulikuwa upepo wa Makambako, ambao wageni huusifia na wenyeji hufunga vifungo. Ulikuwa unapoza kipande upande mmoja.

Matundu yale yalijengwa kwa sababu. Agoni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini, na matundu ya chini ndiyo njia yake ya kutokea. Injinia alitueleza siku ya kwanza, na sote tulielewa. Lakini sasa alikuwa na vipande vilivyopinda na watu wa nje wanaosubiri majibu. Akasema tuzibe kwa siku za baridi tu, mpaka kinga ya bati itengenezwe. Shabani akaleta magunia ya viazi, tukayasokomeza. Vipande vikaanza kutoka vimenyooka, na karakana ikawa na joto ambalo sikuwahi kulipata humo. Kinga ya bati nayo ikawa ya kesho.

Ninyi wa Njombe hamhitaji kuelezwa jinsi watu wa baridi wanavyolihofu jiko la mkaa. Kila msimu tunasikia kuna nyumba imeamka haina watu. Kwa hiyo karakanani kulikuwa na sheria ya Rajabu mwenyewe: jiko la chai linakaa nje, na mlango haufungwi mpaka alione nje kwa macho yake. Kila asubuhi alilibeba yeye, akaliweka kule kwenye kokoto, akarudi akifuta mikono, akafunga mlango. Sisi tukajiona watu salama. Hofu yetu yote tulikuwa tumeitoa nje pamoja na jiko.

Siku ile Injinia alikuwa amekwenda Njombe mjini. Tulikuwa watatu: Rajabu kwenye koleo, mimi kwenye presi, Shabani kwenye mitungi. Chini ya presi kuna shimo, kina cha mtu na nusu, ambamo silinda yake imekaa. Asubuhi Rajabu alikuwa ameondoa wavu wa chuma unaolifunika, kwa sababu silinda ilikuwa inavuja mafuta na alitaka kuichungulia. Hatukujua kwamba kiungo cha bomba la gesi, huko huko chini, nacho kilikuwa kimelegea. Agoni haina harufu, haina rangi, haikereketi koo. Ilikuwa inajaa shimoni tangu tulipoanza kazi, na njia yake ya kutokea ilikuwa na magunia.

Nikabana. Kipande kikaenda vizuri, nakumbuka kwamba nilifurahi. Rajabu akakichomoa, akageukia ndoo ya maji, koleo likateleza, kipande kikagonga ukingo na kutumbukia shimoni. Akasema "Lahaula", kwa sauti ya mtu aliyemwaga chai, akashuka ngazi na koleo lake. Alifanya vilevile alivyotufundisha sote, hakusubiri. Nilimwona anainama kukiokota. Hakuinuka. Alipiga magoti, kisha akalala kwa ubavu, taratibu. Hakuita mtu.

Shabani alikuwa ameshaiacha mitungi. Mimi nilikuwa karibu na shimo kuliko yeye. Nikaikamata ngazi, nikaivuta juu, nikaitupa nyuma yangu.

"Dada Agata, rudisha ngazi."

"Kuna gesi humo. Lete bomba la kompresa."

"Kaka yangu yule."

"Najua. Lete bomba, Shabani."

Hakunisikia. Alikuja ukingoni aruke, nikamvaa kwa nyuma, tukaanguka wote wawili. Nikamshika ovaroli mgongoni kwa mikono yote miwili na kuupachika mguu wangu kwenye nguzo ya presi. Alikuwa na nguvu kunizidi mbali. Alinipiga kiwiko mdomoni, na meno haya ya mbele mnayoyaona si ya kuzaliwa nayo. Nikapiga ukelele wa kumwita mlinzi, mzee mnene wa pale Lyamkena, na alipotokea mlangoni nikamwambia amlalie. Mungu ambariki, hakuuliza. Alimlalia.

Hapo nikapata mikono. Nikafunga mitungi, nikang'oa magunia, nikafungua milango yote miwili, nikashusha bomba la kompresa shimoni na kulifungulia hewa mpaka mwisho. Kisha ikabidi kusubiri. Sijui nilisubiri kiasi gani na sitaki mtu anikadirie. Shimo lazima lisafike, vinginevyo tungekuwa wawili mle. Shabani alilala kifudifudi chini ya mlinzi, shavu sakafuni, hapigani tena. Hakuwa analitazama shimo. Alikuwa ananitazama mimi, nikiwa nimesimama na bomba mkononi huku kaka yake amelala chini yangu.

Nikajifunga kamba, nikashuka. Rajabu alikuwa bado na joto. Kofia ilikuwa imemtoka. Tulimpandisha, tukambana kifua mpaka gari la hospitali likaja, na daktari alisema baadaye kwamba katika gesi ile mtu hupoteza fahamu kwa pumzi moja au mbili, na akishazipoteza hana muda mrefu. Nilimuuliza kama kuna ambalo lingeweza kufanyika. Akasema mtu akishuka amebana pumzi, ana kamba, na ana bahati, pengine. Nimekaa na hilo neno pengine kuliko nilivyokaa na mtu yeyote.

Tulimzika kesho yake. Mimi Mkatoliki nilikaa ndani na wanawake, nimejifunga kanga ya kuazima, mdomo umevimba. Mkewe alikuwa ameshaambiwa habari ya ngazi. Alinishika mkono akaukalisha mapajani mwake, na sikujua kama ananisamehe au ananizuia nisiondoke. Mjini walisema fundi alikuwa amelewa ulanzi. Mtu ambaye hata togwa aliinusa kwanza isije ikawa imechacha.

Wakuu wa kampuni walitaka iandikwe kwamba ni uzembe wa marehemu. Injinia alikataa. Aliandika kwamba matundu yalizibwa kwa ruhusa yake, akatia jina lake. Ukweli wake ulimpatia uhamisho, na sikumwona tena. Namtaja ili mjue kwamba mtu wa namna hiyo alikuwepo.

Kile kipande nilikiokota wiki iliyofuata. Kilikuwa kimepoa chenyewe kwenye sakafu ya shimo. Nikakikata, nikakisugua, nikakiangalia, sijui nilitegemea nini. Chembe zilikuwa zimenenepa, majimaji yameganda hovyo, hakuna cha kusomeka. Nikakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu pamoja na vingine.

Shabani alirudi kazini baada ya arobaini. Nilidhani ataomba kwenda kwingine. Hakuomba. Alichukua nafasi ya kaka yake kwenye koleo, na kwa miaka yote iliyobaki tulisimama hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake. Maneno yetu yalikuwa matatu. Yeye: "Joto?" Mimi: "Tayari." Yeye: "Bana." Hakunifanyia ubaya hata siku moja. Nilipougua alinipeleka hospitali. Mama yangu alipofariki alikuja Matembwe, akachimba kaburi pamoja na kaka zangu, akaondoka bila kula. Chai yangu hakuinywa. Afadhali angenitukana, maana tusi lina mwisho. Niliumia kila siku, na sikuona pa kuyapeleka yale maumivu, kwa sababu yeye alikuwa nayo makubwa zaidi.

Halafu mkaanza kuja ninyi. Shabani ndiye aliyewapokea wote, na najua mnalikumbuka somo lake la kwanza, maana hulitoa kabla hata hamjavaa ovaroli. Anawapanga kuzunguka shimo, anaondoa wavu, na anasema kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka: mtu akianguka humu, usimfuate. Hata akiwa baba yako. Vuta ngazi kwanza. Funga gesi, fungua milango, shusha hewa, subiri. Mwenzio akitaka kushuka, mkamate. Akikupiga, usimwachie.

Baadhi yenu mlikuwa mnachekacheka pale. Mwingine aliwahi kuuliza, "Kwani imeshatokea?" naye akajibu, "Imetokea," akaendelea na mitungi. Sasa mnajua ni nani aliyekuwa shimoni, na ni kina nani waliokuwa juu. Na mnalalamika kwamba kengele ya kupima hewa inalia ovyo na inawachelewesha. Iacheni ilie. Kipande kikiharibika kuna kingine.

Siku ya kuniaga mlipika pilau, mkanipa blanketi, meneja akasoma hotuba ambayo jina langu lilikosewa mara mbili. Shabani alikaa nyuma. Nilipotoka kwenda kungojea gari la Njombe, kwa sababu sasa nakaa kijijini Yakobi, nilimkuta getini ameshaubeba mfuko wangu. Tukatembea mpaka barabarani. Upepo ulikuwa mkali. Tulipofika aliuweka mfuko chini.

"Ulifanya sawa, Dada Agata," akasema. "Nililijua hilo siku ile ile, nimelala pale sakafuni. Ndiyo maana nawafundisha vijana vile."

Nikalikumbatia lile blanketi, naye akaendelea.

"Lakini nisikudanganye. Kila asubuhi nikiamka, bado umenishika."

Nilikuwa nimesubiri miaka mingi aseme lolote, na aliposema nikawa nalia barabarani mbele ya wauza mahindi, mtu mzima na blanketi lake. Nikamwambia, "Basi nimekuachia, mdogo wangu. Leo nimekuachia."

Akatikisa kichwa, bila hasira.

"Sasa hayupo wa kumfuata," akasema.

Gari likaja. Akaniwekea mfuko wangu ndani, akafunga mlango, akarudi karakanani, kwa sababu tanuri lilikuwa limeshawashwa na ninyi mlikuwa mnamsubiri.